Kivuli cha Atuganile

Sheria ilisema mashine isimdanganye mtoto. Kwa hiyo shule ikamwajiri Subilaga.

Kazi ilifanyika katika chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya unga enzi zile watoto walipopikiwa uji kwa kuni, na mpaka leo ukipitisha kidole kwenye pembe za ukuta kinatoka cheupe. Mbele ya Subilaga palikuwa na ubao wa kioo, na ndani ya ubao waliishi vivuli. Kila mtoto wa darasa la nne alikuwa na kivuli chake bila kujua: rafiki aliyejitokeza tu siku moja kwenye kioo kidogo cha mawasiliano ambacho mtoto alivaa shingoni, mtoto mwenzake wa shule ya mbali, anayependa anavyovipenda yeye na kuchukia hesabu kama anavyozichukia yeye. Mchana kutwa mashine ndiyo iliyowasemesha watoto habari za mbwa, za mafua, za nani kamsukuma nani kwenye foleni ya maji. Lakini ilipofika kwenye mambo matatu, yaani kumtaka mtoto atunze siri, kumwomba picha na kumwomba waonane, mashine ilinyamaza. Taa ya njano ikawaka pembeni mwa jina la mtoto, na hapo mtu mwenye damu mwilini alitakiwa auandike uongo ule kwa mkono wake.

Mtoto aliyeshtuka akaenda kumwambia mtu mzima alikuwa amefaulu. Kivuli kilizimwa siku hiyohiyo, naye akafungwa uzi wa bluu kwenye kioo chake mbele ya shule nzima. Aliyefika mwisho wa muhula hajasema, au aliyekubali kwenda kuonana, kioo chake kilifungwa mwaka mzima. Kikabaki na vitabu na saa. Sauti ya mtu wa nje haikuingia tena.

Kwa kazi hiyo walitaka mtu mvumilivu, asiye na mtoto pale shuleni, asiyejulikana na wanafunzi. Cheti cha darasa la saba kilitosha. Subilaga aliingia kwa geti la jikoni watoto wakishaingia madarasani, akatoka kabla hawajatoka. Miezi ya kwanza alikuwa akifika nyumbani anashindwa kula. Siku hizi alikula, akaosha sahani, akalala.

"Dada Subi, taa yako," alisema Anyelwisye.

Anyelwisye ndiye aliyekaa kiti cha pili, kijana mwenye maneno mengi ambaye vivuli vyake vilikuwa vya wavulana. Subilaga akatazama. Taa ilikuwa kwa Atuganile.

"Naiona."

"Huyo wa viatu?"

"Huyohuyo."

Anyelwisye akacheka peke yake.

Wiki kadhaa nyuma, taa ya siri ilipowaka, Subilaga aliandika kama alivyowaandikia wote: *Nikikwambia kitu usimwambie bibi yako.* Atuganile akajibu: *Sawa. Bibi mwenyewe hasikii vizuri, nikimwambia itabidi nipige kelele, majirani wote watajua.* Ikaja taa ya picha. Subilaga akaomba picha, na mtoto akajibu kwa adabu kabisa kwamba mwalimu amewakataza kutuma picha ya uso wala ya mwili, kwa hiyo anatuma ya kiatu. Na kweli kikaja kiatu cha shule, cha mguu wa kushoto, kimeachama mbele. *Kimeanza kucheka,* aliandika. *Cha kulia bado kimenuna.*

"Mwanasheria huyo," Anyelwisye alikuwa amesema. "Hujamshika, lakini na yeye hajasema kwa mtu. Sasa utamweka kundi gani?"

Subilaga hakuwa amemweka kundi lolote.

Atuganile alikuwa na miaka kumi. Alikaa na bibi yake juu kwenye mashamba ya viazi, na mama yake alikuwa kaskazini, jangwani, akifuta vumbi kwenye vioo vya kuvunia jua, huko ambako watu hulala mchana na kufanya kazi usiku kwa ajili ya joto. Sauti ya mama ilikuja Jumatano na Jumapili kupitia kioo kile cha shingoni. Mashine ilikuwa imempa Sekela, kivuli cha Atuganile, mama aliye mbali vilevile. Hakuna aliyeiagiza. Iliona tu kwamba mtoto anajibu haraka zaidi akiguswa hapo, ikaendelea kupagusa.

Taa iliyowaka sasa ilikuwa ya tatu. Subilaga akaandika.

*Jumamosi mchana nakuja huko kwenu. Tukutane kwenye benchi la kituo cha gari la waya. Njoo peke yako.*

Jibu likaja kabla hajatoa mkono. *Nitakuja. Unapenda parachichi?*

"Basi," Anyelwisye alisema, akijinyoosha. "Mbonyeze 'amekubali', twende tukale."

Kitufe kilikuwa pale chini ya jina. Subilaga alikuwa amekibonyeza kwa watoto wengi, na kidole chake kilikijua hata akifumba macho. Akakiangalia. Akaandika kingine badala yake: *Napenda.*

"Dada?"

"Tangulia. Nakuja."

*

Mwalimu Mkuu Mwakibete alikuwa anakunywa chai ofisini, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona mchana huu? Watakuona."

"Wako darasani. Nimekuja kwa ajili ya mtoto mmoja, Atuganile."

"Amekubali?"

"Bado tunaongea."

"Mnaongea." Akashusha kikombe. "Subilaga, kivuli hakiongei. Wewe ndiye unaongea. Angalia hapo usije ukapotea."

"Mama yake yuko nje, Mwalimu. Kioo kikifungwa, mwaka mzima hamsikii."

"Najua mama yake aliko. Fomu ya safari niliisaini mimi." Alisema taratibu, bila ukali. "Nikimwachia huyu kwa ajili ya mama, kesho atakuja mwenye baba mgonjwa, kesho kutwa mwenye kaka jeshini. Kila mtoto ana mtu wake. Na watu wabaya nao hawachagui asiye na mtu. Wanamtafuta mwenye kiu, kama huyo wako."

"Bibi yake je, akidokezwa tu? Akamwambia mtoto aje aseme?"

"Hapo atakuwa amesema bibi. Siku yenyewe ikifika, bibi hayupo."

Subilaga alisimama, mikono ameikunja mbele. Mwalimu Mkuu akamtazama, kisha akautazama ukuta, mahali palipokuwa na alama nne za gundi ambapo kitu kilibanduliwa zamani.

"Kabla ya vivuli nilikuwa nafundisha kwa chati," alisema. "Mtu mbaya nilimchora mwenyewe. Nikamwekea kofia, nikamwekea ndevu. Kulikuwa na mtoto anaitwa Ikupa, chati yote aliijua kwa kichwa. Akifumba macho anakutajia. Aliyekwenda kukutana naye hakuwa na kofia wala ndevu. Tulimtafuta mpaka mabondeni, mpaka mvua zikatushinda." Akanywa chai iliyokwisha kupoa. "Wazazi wake bado wananiamkia njiani. Sijui hata wanawezaje. Kwa hiyo usiniulize kama najisikia vizuri kuwafanyia hivi watoto wa watu. Tangu tuanze vivuli, hatujapoteza mtoto tena."

Hilo lilikuwa kweli.

"Jumatatu mstarini tunafunga muhula," alisema Mwalimu Mkuu. "Akisema kabla ya hapo, kioo chake kinabaki wazi. Asiposema, unajua."

"Ndiyo, Mwalimu."

*

Kilichobaki kilikuwa kimoja: Sekela awe mbaya kiasi cha mtoto kuogopa.

Tangu taa ya tatu iwake, mashine ilikuwa imejitoa. Ndivyo ilivyotengenezwa, ikishaanza habari ya kuonana, kila neno ni la binadamu, ili siku moja ikiulizwa nani alisema, ajulikane. Kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa Sekela alikuwa Subilaga mtupu, kuanzia salamu.

*Usipokuja nitakasirika sana,* aliandika. *Na usimwambie mtu. Ukisema, nitawaambia wote kwamba wewe ni mwongo.*

Akakaa akisubiri. Ng'ambo ya ukuta darasa la nne walikuwa wanaimba jedwali la saba. Pengine sauti mojawapo ilikuwa yake. Hakuwahi kumwona uso.

*Sekela,* aliandika Atuganile, *umekasirika? Mama hajapiga?*

Subilaga akafuta alichokuwa anaanza kuandika. Akaandika upya.

*Mimi si rafiki mzuri. Mwalimu wako angekwambia usiongee na mimi.*

*Mwalimu hakujui. Mama yangu naye kuna Jumatano hakupiga, nikampiga ndama teke. Baadaye nikamwomba msamaha. Wewe hujanipiga hata teke.*

"Mtishie zaidi," Anyelwisye alisema, akisoma juu ya bega lake. Hakuwa anacheka sasa. "Mwambie kitu kibaya kabisa. Wale wangu ukiwatukania mama tu, hao kwa mwalimu."

"Huyu nikimtukania mama atalia. Hatakwenda kwa mwalimu. Atakwenda chini ya kitanda."

"Umejuaje?"

Alijua tu. Alikuwa amemsoma muhula mzima. Alijua mtoto huyu akiumizwa huomba msamaha yeye. Alijua pia kwamba kila tisho alilomwandikia lilikuwa linamfundisha kumvumilia rafiki anayetisha, na hilo lilikuwa baya kuliko kutokumfundisha kitu. Akaondoa mikono mezani, akaiweka mapajani.

*Usije Jumamosi,* aliandika mwishoni. *Nimeghairi.*

*Unasema hivyo kwa sababu umenuna,* alijibu mtoto. *Nitakuja hivyohivyo. Nitakaa mpaka ufike.*

*

Jumamosi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyaya. Vibanda vya gari la waya vilitokea juu kimoja kimoja, kama vinateremshwa na mtu asiyeonekana, vikashusha watu wenye ndizi na magunia ya mahindi, vikaondoka. Subilaga alisimama karibu na kibanda cha chai, sweta lake la zambarau limefungwa mpaka shingoni. Kuwapo kwake pale kulikuwa kosa tosha la kumfukuzisha kazi. Alikuja kwa sababu alishindwa kupata mwingine wa kuja, na mtoto asingeweza kuachwa akae peke yake mahali pa wageni, akimsubiri mtu ambaye yeye ndiye aliyemwita.

Akamtambua kwa kiatu.

Mtoto alikuwa mdogo kuliko maneno yake. Alikaa katikati ya benchi, mfuko wa plastiki mapajani, ndani yake maparachichi mawili. Kila kibanda kilipofika alisimama, akachungulia wanaoshuka, akakaa. Alikuwa amechana nywele kwa maji. Zilikuwa zimekaukia na mistari ya kitana.

Subilaga akaenda akakaa kwenye benchi lile.

Alikuwa na maneno mdomoni. *Ni mimi.* Maneno mawili tu, na mtoto asingesubiri tena. Lakini aliyazungusha, akaona upande wake wa pili. Akimwambia ni mimi, basi mtoto ameitwa na mtu asiyemjua, akaambiwa aje peke yake, asiseme kwa mtu, akaja, na aliyemkuta ni dada mpole aliyempenda. Hilo ndilo angeondoka nalo. Angelikumbuka mpaka siku atakapoitwa na mwingine.

Na akinyamaza, atamwangalia akisimama na kukaa mpaka jioni.

"Pole na baridi, mwaya," alisema.

Mtoto akamtazama kwa pembe ya jicho. "Shikamoo."

"Marahaba. Unamsubiri mtu?"

"Siongei na watu nisiowajua," alisema Atuganile, na kwa adabu akasogea mpaka mwisho wa benchi, na mfuko wake akausogeza.

Kibanda kingine kikafika. Akasimama. Wakashuka wazee wawili na mwanamke mwenye kuku. Akakaa.

Subilaga alipaswa kuondoka hapo. Baadaye, alipojaribu kukumbuka kwa nini hakuondoka, hakupata sababu yoyote isipokuwa namna mtoto alivyokaa mara hii, polepole kuliko mara zile nyingine.

"Nenda nyumbani, mwaya," alisema. "Sekela haji."

Uso wa Atuganile haukubadilika. Kilichobadilika kilikuwa mwili, ulitulia wote. Akasimama. Hakukimbia, kwa maana shuleni walifundishwa kwamba anayekimbia aangalie anakimbilia wapi. Alitembea haraka mpaka kwa mama mlinzi wa kituo, mwenye koti jekundu, akamshika mkono na kusema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye kibanda cha chai:

"Mama, yule mwanamke simjui. Amevaa sweta la zambarau. Anataka niondoke hapa, na anamjua rafiki yangu kwa jina."

Watu wakageuka. Mama mlinzi akamweka mtoto nyuma yake, akamwangalia Subilaga, na kamera ya juu ya nguzo nayo ikageuza shingo kumwangalia. Subilaga aliinuka, akapita kati ya watu wa ndizi, akashika njia ya mjini. Hakuna aliyemfuata. Nyuma yake alisikia mtu akisema, "Mtoto jasiri huyo," na mwingine akijibu kwamba siku hizi wanafundishwa.

Mfuko ulikuwa umebaki kwenye benchi.

*

Jumatatu alisikia kila kitu kupitia ukuta. Kwanza wimbo, kisha tangazo la kufunga muhula, kisha Mwalimu Mkuu akiuliza kama kuna mwenye la kusema. Kisha ile sauti.

"Naitwa Atuganile, darasa la nne. Jumamosi kuna mwanamke alinifuata kituoni. Hakuwa mkali. Alikuwa mpole. Alisema pole na baridi. Nikamwambia mama mlinzi, na jana nikamwambia bibi kwa kelele, na leo nawaambia walimu."

Wengine walicheka pale kwenye kelele. Kisha makofi, yale ya kupigwa kwa mpigo mmoja kama walivyozoezwa. Anyelwisye alikuwa anauangalia ubao wake kama mtu aliyeuona leo.

Baada ya muda Mwalimu Mkuu akaingia kwa mlango wa jikoni. Hakukaa.

"Sweta hilo," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Ndilo."

Akatikisa kichwa taratibu, si kwa hasira.

"Amepewa uzi?" aliuliza Subilaga.

"Sheria inataka mtoto aseme kwa mtu mzima juu ya mtu aliyemtilia shaka. Haikuandikwa lazima awe kivuli. Nimemfunga mwenyewe." Akapangusa unga usiokuwapo kwenye mkono wa koti. "Kioo chake kiko wazi. Jumatano atamsikia mama yake."

"Na Sekela?"

"Sekela hakusemwa. Kivuli kisichosemwa hakizimwi na mtu. Kitaingia naye darasa la tano."

Subilaga akainamisha kichwa kuonyesha amesikia.

"Kituoni wamepeleka sura yako wilayani," aliendelea Mwalimu Mkuu. "Mwanamke anayefuata watoto. Siwezi kwenda kuwaambia ni mfanyakazi wangu. Nikisema hivyo itabidi niseme anafanya kazi gani, na vivuli vitajulikana kila shule. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Hutasogelea shule tena. Popote. Hata ukija kuzaa, mtoto wako utampeleka mpaka njiani tu."

"Nimeelewa, Mwalimu."

Alikuwa anasubiri kitu kimpande kifuani. Alikipa nafasi kabisa, akasimama wima ili kipate pa kupita. Hakikupanda. Kilichokuja kilikuwa wazo dogo la kawaida, kwamba nyumbani amebakiza viazi na mafuta yamekwisha.

Mwalimu Mkuu alipoondoka, Anyelwisye alihamia kwenye kiti chake bila kuambiwa, kwa kuwa majina yote sasa yalikuwa yake. Taa ya njano ilikuwa inawaka kwa Atuganile.

"Ameandika," alisema. "Nikusomee?"

"Soma."

"*Sekela, ulifanya vizuri hukuja. Palikuwa na mwanamke. Analijua jina lako. Kaa ndani, usitoke mpaka nikwambie.*" Anyelwisye akakohoa. "Nimjibu nini, dada?"

Subilaga alikuwa anafungua vifungo vya sweta, kimoja baada ya kingine, ili asitoke nalo njiani.

"Muulize huyo mwanamke alikuwaje."

Anyelwisye akaandika. Ng'ambo ya ukuta watoto walikuwa wanaburuta madawati, wanafagia kwa ajili ya likizo. Jibu halikukawia.

"Anasema," alisoma Anyelwisye, kisha akasita, akasoma tena polepole. "Anasema, *Alikuwa anaongea kama wewe. Ndiyo maana nikaogopa.*"